Gurudumu la Sumaku na Ugali wa Wakwe

Wapendwa, kabla hamjaanza kusinzia, nisikilizeni. Alikuwepo mwenye mashine ya kusaga mmoja, na kijiji kizima kilimtegemea yeye. Mashine ilikunywa dizeli, na kila akiimimina roho ilimuuma. Siku moja akavunja spika mbovu, akatoa sumaku, akaisogeza karibu na nyingine. Loh! Ikaruka, ikamng'ang'ania mwenzake. Akashangaa: "Kumbe kuna kitu kinakimbia bila kula! Mimi nanunua dizeli ya nini?"

Akang'oa injini, akabadilishana na fundi redio kwa rundo la spika mbovu. Hebu fikirini! Akapachika sumaku kwenye gurudumu la baiskeli, na nyingine akazipanga pembeni zilivute. Akina mama walipofika na mahindi kichwani, akawaambia, "Vumilieni, jamani. Karibuni tu mtasaga bure mpaka mwisho wa dunia." Wakavumilia. Watoto wao hawakuvumilia njaa, basi akina mama wakaanza kwenda kusaga ng'ambo ya mto.

Gurudumu lilizunguka, nisiseme uongo. Akiligusa kwa kidole, lilizunguka, likapunguza mwendo, likasitasita mbele na nyuma, likasimama. Analigusa tena. "Imebaki sumaku moja tu," anasema. Kila siku ilibaki moja tu.

Mkewe akamwendea. "Baba Subilaga, kesho wakwe wanamletea mtoto wetu mahari. Humu ndani hamna unga hata wa kuchafua mwiko."

"Mama Subilaga, kesho ndiyo siku yenyewe! Waje waone wanaoa kwa watu wa namna gani."

"Hilo ndilo ninaloliogopa," akasema mama, akaondoka.

Msimcheke sana. Alimpenda binti yake, na alitaka huko aendako asidharauliwe na mtu. Basi kesho yake wakwe walipoketi, akalileta gurudumu uani, akaligusa. Likazunguka! Kifua kikamvimba. Likasimama. Akaligusa tena.

Mkwe mzee akakohoa. "Mkwe wangu, na usipotia kidole?"

"Kidole ni cha kuliamsha tu, mzee wangu."

"Basi liache tuone likiamka."

Akaweka mikono nyuma. Gurudumu likamtazama, naye akalitazama. Maskini, hakujua kwamba kila sumaku iliyolivuta lije, likishafika, ililishika lisiende. Jasho likamtoka. Ule usemi kwamba maji yamezidi unga, kwake ulipungukiwa, maana unga wenyewe haukuwepo. Akaona aibu mpaka akatamani ardhi ipasuke.

Mara chakula kikaletwa. Ugali mkubwa, unafuka moshi! Mkwe mzee akamega tonge, akatafuna, akacheka sana. "Aa, mkwe, wewe mtani kweli! Kumbe mota unayo, umetuficha. Iko wapi?"

Na yeye mwenyewe hakujua. Akainuka, akazunguka nyuma ya nyumba. Akamkuta mkewe, yuko kwenye kinu tangu alfajiri, na pembeni yake binti mwenyewe anayeletewa mahari, siku yake ya heshima, nguo mpya imejaa unga, viganja vimetoka malengelenge. Bado walikuwa wanatwanga, maana wageni walikuwa wengi. Binti akamnyooshea mchi, akasema, "Baba, karibu. Zamu yako."

Mmenyamaza? Dakika hii hii mlikuwa mnacheka. Sasa tuje kwetu sisi. Sisi si ndio tunaotaka kanisa lijiendeshe? Tunasema, neema itavuta. Ni kweli, inavuta! Imetuvuta kutoka majumbani, ikatufikisha kwenye benchi, na hapo kwenye benchi tumenasa. Mnadhani sakafu hii ilijipiga deki? Yule bibi mgonjwa wa kule mlimani, anachotewa maji na wimbo wa kwaya? Kuna watu walewale wachache wanaotoka malengelenge, nasi tunakuja kula na kusifu: jamani, kanisa letu linakwenda! Linakwenda kwa viganja vya nani?

Mungu hakutuvuta tuje tugande. Alituvuta atupe kazi. Leo tuna wageni, na jikoni ndizi bado hazijamenywa. Msiniitikie amina. Wazee wa benchi la mbele, mtangulie ninyi: visu viko mezani.