Chumba Kisicho na Mlizamu

Wamesimulia wema waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji mmoja wa nchi ya Sham aliishi mjane mcha Mungu, mfumaji wa nguo, jina lake Bibi Lubaba, Mungu amrehemu. Katika mji ule nyumba zilitozwa kodi kwa hesabu ya vyumba vyenye paa. Mjane mwenye vyumba vinne au pungufu alisamehewa. Vikifika vitano, alilipia vyote.

Mthamini wa mtaa wake, aliyeitwa Jarir, hakuwa dhalimu. Alikuwa mtu mwenye haya. Aliona si adabu kuingia nyumba ya mwanamke asiye na mahramu, kwa hiyo alisimama njiani akahesabu milizamu, ile mifereji ya mti inayotokeza ukutani kumwaga maji ya mvua, maana kila chumba huwa na mmoja. Kwa Bibi Lubaba aliona sita. Akaandika sita, akaenda zake ameinamisha macho.

Lakini vyumba viwili mapaa yake yalikuwa yameanguka tangu mumewe yu hai. Iliyobaki ni milizamu tu, na shomoro walikuwa wameijengea viota. Kodi ya vyumba sita maana yake ilikuwa kuuza kitanda chake cha kufumia, naye hakuwa na riziki nyingine. Akaazimia kwenda kwa kadhi.

Asubuhi ya siku hiyo, mjane mwenziwe wa nyumba ya pili, Bibi Zumra, alikuja kumsindikiza. Alimkuta amemaliza kuswali dhuha, amekaa kimya juu ya mswala katika chumba kidogo cha nyuma. Chumba hicho alikijenga marehemu kwa mikono yake, na paa lake lilimwaga maji uani, kwa hiyo hakikuwa na mlizamu.

"Mbona umepoa, mwenzangu?"

"Nahesabu. Vinne, na hiki cha tano."

Bibi Zumra akatazama huku na huku. "Hiki nacho chumba? Nikinyoosha miguu niko nje. Wewe umeshitakia milizamu, jibu habari ya milizamu. Wakikuuliza, sema. Wasipokuuliza, hukusema uongo."

"Sikusema uongo," alikubali Bibi Lubaba. Wala hakumwona mwenzake mbaya, kwani maneno hayo hayo alikuwa akijiambia mwenyewe tangu alfajiri.

Kadhi alimsikiliza, akatuma wanawake wawili waadilifu wakavitazame vyumba viwili vilivyolalamikiwa. Wakarudi, wakashuhudia kwamba havina paa na ndani mmeota majani. Jarir, aliyekuwapo pale, akaona haya zaidi. Kadhi akachovya kalamu.

"Basi ni vinne. Bibi huyu amesamehewa."

Bibi Lubaba aliisikia nafsi yake ikitulia. Kisha akakumbuka kwamba adhuhuri inakaribia, na kwamba atakaporudi nyumbani ataswali. Ataswalia wapi?

"Mungu akuhifadhi, ewe kadhi," akasema. "Ni vitano."

Nyuma yake Bibi Zumra alivuta pumzi kwa nguvu.

"Nani aliyekuuliza hicho cha tano?" akasema kadhi.

"Hakuna. Lakini ndicho ninachoswalia. Nikikikana hapa, nitasimamaje ndani yake mbele ya Mola wangu?"

Kadhi akaizuia kalamu hewani, akalainisha sauti. "Mahali pa kuswalia hapatozwi kodi, mama. Ikiwa hapafanyiwi jambo jingine."

Hapo ilitosha kuitikia kwa kichwa tu. Waliokuwapo wote walitamani aitikie.

"Na mna mtungi wangu wa dengu," akasema Bibi Lubaba, "na nyuzi zangu. Na wageni hulala humo. Huyu Zumra alilala humo wiki nzima alipokosana na mkwewe."

Watu wakacheka, na kadhi naye. Kisha akaandika vitano, akamgeukia mthamini.

"Aliyeshuhudia dhidi ya nafsi yake, namsadiki na alichokisema juu ya milizamu. Nyumba ngapi umezihesabu kutoka njiani?"

"Zote za wajane, ewe kadhi."

"Zihesabu upya. Na uende na mama yako, aingie yeye."

Jarir na mama yake wakauzunguka mtaa mzima. Nyumba mbili ziliongezewa, na tisa zikapunguziwa. Miongoni mwa hizo tisa ilikuwamo ya Bibi Zumra, aliyekuja kwa jirani yake na mkate wa moto, wala hakuitaja milizamu.

Bibi Lubaba aliuza sinia la shaba la harusi yake, akalipia vyumba vitano, na kitanda cha kufumia kikabaki. Wasimulizi hawakutuambia kwamba alipata utajiri baada ya hapo. Walituambia tu kwamba kila mwaka, mama yake Jarir alipobisha hodi, Bibi Lubaba alianza kumwonyesha chumba cha nyuma.

Ndugu zangu, ni wachache kati yetu wasio na chumba kisichoonekana kutoka njiani, na mara nyingi hakuna anayetuuliza habari zake. Tusiwalaumu walionyamaza, kwani hatujui walikuwa na dhiki gani. Tumwombe Mwenyezi Mungu kwamba siku kalamu itakapokuwa hewani, nasi tuujue wakati wa kusema.