Kwa Nini Mjenzi Haamini Saa

Nyinyi mlioingia kazini mwezi huu mmeniuliza mara mbili kwa nini Mjenzi, chombo chetu cha kuunganisha programu, huchungulia ndani ya kila faili kabla ya kuamua kama kuna cha kujenga upya. Mnasema anachelewesha kazi, wakati tarehe ya faili inaonekana waziwazi. Vuteni viti niwaeleze. Hakuwa hivyo zamani.

Zamani Mjenzi aliamini saa. Programu yetu ya tahadhari ya mafuriko ni ya vipande, na kila kipande kinategemea kingine. Sauti zilizorekodiwa hufungwa kuwa furushi moja, na furushi hilo huingia kwenye programu inayowapigia simu watu wa bonde la Lukunde maji yanapopanda. Tulipobadilisha kitu, Mjenzi ndiye aliyeamua kipi kijengwe upya na kipi kiachwe, na alilinganisha tarehe tu. Sauti ikiwa ya karibuni kuliko furushi, alilifunga furushi upya. Furushi likiwa la karibuni kuliko sauti, aliliacha. Tulifanya naye kazi hivyo miaka tisa bila kumtilia shaka.

Sauti ya siku hizo ilikuwa ya mwenzetu Wendelin Kobelo, mzaliwa wa bonde lenyewe. Alitukataza kutafuta mtangazaji. Alisema watu wa kwao hawatatoka majumbani kwa kuambiwa na mgeni. Akajirekodi, polepole, kama mtu anayezungumza na wazazi wake: "Ndugu zangu, maji yanakuja. Acheni vitu. Pitieni daraja la Mgude." Akalifunga furushi kwenye kompyuta yake, akatukabidhi. Baada ya hapo akaugua, na kabla ya Kwaresma tukamzika.

Masika ya mwaka uleule yakalibeba daraja la Mgude, nguzo na mbao zake zote. Ikabidi maneno yabadilike. Hidaya Mbwana, aliyekuwa akikaa meza ya pili kutoka kwangu, akarekodi tahadhari mpya ya kuwaambia watu wapande kilima cha Kidole. Akaliweka faili lake mahali pa lile la Wendelin, akamwamuru Mjenzi ajenge. Mjenzi akajibu kwa mstari mmoja: Hakuna cha kujenga.

"Amekataa?" nikamuuliza.

"Hajakataa, dada. Anasema kila kitu ni kipya. Labda kuna mtu alishajenga asubuhi."

Nikaridhika. Hatukupiga hata simu moja ya majaribio, na hilo nalisema mbele yenu bila kujitetea.

Masika yaliyofuata, Alhamisi moja baada ya chakula cha mchana, vipimo vya mtoni vilionyesha maji yamevuka alama nyekundu. Programu ikaanza kupiga simu bondeni. Namba ya ofisi nayo ilikuwemo kwenye orodha, kwa hiyo simu ya mezani ikalia. Hidaya akaipokea, akafungua spika ili sote tusikie.

"Ndugu zangu, maji yanakuja."

Ilikuwa sauti ya Wendelin, na pumzi yake ileile ndefu kati ya neno na neno. Mwaka mzima ulikuwa umepita tangu tumfukie. Akatuambia tuache vitu. Akatuambia tupitie daraja la Mgude. Halafu simu ikakatika, na wakati huo alikuwa akizungumza katika nyumba mia nne.

Tuliwapigia mwenyekiti wa kijiji na kila tuliyekuwa na namba yake. Wengi walishajua daraja halipo, wakapanda kilimani huku wengine wakilia kwa hofu ya kilichowapigia. Mtu mmoja tu hakupanda. Mzee Digalu, jirani yake, ndiye aliyemwona akishuka kuelekea mtoni, maji yakimfika magotini, simu bado ameibana sikioni. Alikuwa Leokadia, mjane wa Wendelin.

"Leokadia, rudi! Daraja halipo!"

"Najua, baba."

"Sasa unakwenda wapi?"

"Wendelin ameniambia nipite huku."

Mzee Digalu akamshika kiunoni, akamburuta hadi kwenye mteremko wa kilima. Walipogeuka, pale walipokuwa wamesimama palikuwa mto.

Jioni ile Hidaya alifungua tarehe za mafaili, moja baada ya nyingine. Lile furushi la sauti lilikuwa na tarehe ya miaka mitatu ijayo. Saa ya kompyuta ya Wendelin ilikuwa imeharibika, ikajiendea mbele miaka kadhaa, na hakuna aliyegundua. Kila tulichorekodi, leo au mwakani, machoni pa Mjenzi kilikuwa cha kale kuliko maneno ya marehemu. Hidaya akalifuta furushi kwa mkono, na Mjenzi, alipolikosa, akalijenga upya kwa sauti ya Hidaya.

Tokea mvua ile, Mjenzi haulizi saa. Huchukua alama ya yaliyomo ndani ya kila faili, na ikibadilika, hata kwa herufi moja, hukijenga upya kila kinacholitegemea, hadi mwisho wa mnyororo. Tarehe yoyote haimtishi.

Kesho yake nilimpigia Leokadia kumwomba radhi. Akaniuliza, "Mmemwondoa?"

"Tumemwondoa, mama."

"Mngenipigia kwanza nimuage."

Ndiyo maana pia, hapa kwetu, hakuna anayefuta sauti ya mtu aliyefariki kabla ya kupiga simu nyumbani kwake. Rekodi yenyewe, ile ya Wendelin iliyobaki kwenye kompyuta yake, Hidaya alimpelekea Leokadia kwa mkono wake. Anayo hadi leo. Anasema huisikiliza kiangazi tu, wakati mto umekauka na mtu anaweza kuuvuka kwa miguu.