Pumzi ya Mpiga Piano

Wapendwa, kabla hatujaomba, nisikilizeni kidogo. Kulikuwa na fundi mmoja wa studio, kazi yake kusafisha rekodi za muziki. Alijisifu kwamba rekodi ikitoka mkononi mwake haina hata chembe ya kelele.

Siku moja akaja mzee aliyefiwa na mkewe. Mama yule alikuwa mpiga piano, na ilibaki rekodi yake moja tu.

"Kuna mvumo wa mtambo," mzee akasema. "Niondolee huo tu. Mengine usiguse, nataka nimsikie mke wangu."

Fundi akaondoa mvumo. Lakini akasikia kiti kinalia, na katikati ya noti mama anavuta pumzi kwa shida, maana alikuwa na pumu. Fundi akaona huo ni uchafu. Akafuta vyote, kisha akahifadhi juu ya rekodi ileile. Mmenielewa? Ya kwanza haipo tena.

Mzee akasikiliza, akakunja uso. "Nani anapiga?"

"Mkeo, mzee wangu."

"Hapana. Humu hamna mtu. Piano inajipiga yenyewe."

Fundi akasikiliza tena. Kweli, hamkuwa na mtu.

Je, alikiri? Thubutu! Alimwambia mzee arudi kesho. Akachukua pumzi ya mwanamke mwingine kwenye akiba yake ya sauti, mwanamke asiyemjua hata jina, akaipachika katikati ya noti. Wewe na mimi tungeapa kwamba ni rekodi halisi.

Mzee akarudi, akafumba macho. Hazikupita noti kumi, akayafumbua.

"Fundi," akanong'ona, "kuna mtu amekalia kiti cha mke wangu. Ni nani huyu?"

Sasa sisi. Tukipiga magoti hapa, hatufuti hasira zetu na hofu zetu, eti Mungu asizisikie? Kisha tunaazima maneno ya mhubiri wa redioni, hata kilio chake tunakiiga. Watu wanasema, leo fulani kaomba kweli. Lakini Mungu anamtafuta mtoto wake anayeomba ndani ya sala hiyo na hamwoni. Mimi mchungaji wenu nimeomba hivyo miaka mingi, na leo naogopa.

Basi sitawaongoza kwa maneno yangu. Kila mtu aombe kwa sauti yake, na mwenye kukohoa akohoe.