Majivu Juu ya Tuta la Naetwe

Aoneaye haya jaa lake huvuna njaa. Mmeisikia leo shambani, mkacheka, kisha mkauliza ilikotoka. Haikutoka mbali. Methali hii ilianzia nyuma ya jiko la mwanamke mmoja wa milima ya Upare, naye siku hiyo hakucheka.

Jina lake Naetwe. Alilima tangawizi kwenye mteremko ambao watu walikuwa wamekwisha kuukatia tamaa, kwa maana tangawizi hula ardhi kuliko mahindi, na ardhi ile ilikuwa imeliwa miaka mingi. Tangawizi ya Naetwe, hata hivyo, ilitoka nene kama vidole vya mwanamume. Walipomwuliza alisema, "Ni mbegu tu." Haikuwa mbegu. Nyuma ya jiko, kwenye kivuli cha migomba, alikuwa amefunga mbao nne zikawa kama kitanda kisicho na miguu. Humo alitia maganda ya ndizi, mabaki ya mboga na samadi ya ng'ombe iliyokwisha kupoa, akaweka na minyoo myekundu, viganja viwili tu, aliyoiokota chini ya samadi kuukuu. Alilinyunyizia maji tuta hilo na kulifunika kwa majani makavu. Baada ya miezi mitatu, taka zote ziligeuka udongo mweusi usio na harufu. Huo ndio aliotia kwenye mashimo ya tangawizi. Kwa miaka mitatu minyoo ilizaana hata ikajaza tuta zima.

Lakini majirani waliliita jaa, nao walimwita Mama Minyoo. Naetwe alicheka nao, na jina likamchoma.

Mwezi wa pili ilikuja habari kwamba Jumamosi wangefika wakwe, kumposa binti yake Mkunde. Asubuhi ya siku hiyo jirani yake Namsifu alikuja kumsaidia kumenya ndizi. Alipokwenda kumwaga maganda alisimama mbele ya tuta, mkono kiunoni.

"Shoga, hawa wageni watanawia wapi?"

"Si hapo hapo kwenye pipa, nyuma ya jiko?"

"Basi watalipita hili jaa lako. Watasema binti kalelewa na funza."

"Si funza, Namsifu. Ni minyoo."

"Haya. Utasimama mlangoni uwaeleze tofauti yake, mmoja mmoja?"

Huko kwao, choo kikinuka au kikiingia funza, watu humwaga majivu. Majivu hukausha, na funza hufa. Naetwe alijua hivyo. Alijua pia kwamba mnyoo hupumulia ngozi yake, na ngozi ile haiwezi kuishi bila unyevu. Hakukosea kwa kutojua. Alizoa majivu ya mafiga, madebe mawili, akayamwaga juu ya tuta, akayachanganya kwa jembe mpaka chini. Kisha akafunika kwa mchanga safi na kupafagia. Namsifu alisema sasa pamekuwa kama pa watu.

Wakwe walifika, wakanawa, wakala, wakasema yao. Mposo ukakubaliwa. Ndipo mama wa kijana, aliyeitwa Mama Eliamini, akasogeza kigoda chake karibu.

"Mkwe wangu, la watoto limekwisha. Sasa nina ombi langu mwenyewe, nisamehe kwa kuomba siku ya kwanza. Ardhi yetu imechoka. Msimu uliopita tulichimba tangawizi kama kucha. Nipe mbegu ya minyoo yako, kikapu kimoja tu, nikaanzishe kwangu kabla ya masika."

"Minyoo?" Naetwe alisema. "Minyoo gani?"

"Mama, ile ya nyuma ya jiko!" Mkunde alisema. "Mimi ndiye niliyewaeleza. Niliwaambia hakuna mwingine mlima huu anayeweza kuifuga."

Naetwe alimtazama binti yake na kuona kwamba alikuwa akijivuna. Miaka yote mitatu alikuwa amedhani mtoto anaona haya kama yeye.

Aliinuka. Angeweza kusema imehama, maana minyoo huhama kukiwa na joto, na wageni wangeamini. Midomo yake ilifunguka kusema hivyo, ikajifunga. Aliwaongoza nyuma ya jiko, akapiga magoti na nguo yake ya wageni, akaukwangua mchanga kwa mikono. Chini yake minyoo ilikuwa imejikunja, mikavu, na majivu yameishika kama unga ushikavyo dagaa. Mama Eliamini aliinama, akachukua mmoja, akaugeuza kiganjani.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi."

"Kwa sababu gani, mkwe wangu?"

"Ili msiione."

Namsifu alirudi jikoni. Mkunde alibaki amesimama, na ile furaha ilikuwa imemtoka usoni.

Naetwe alichimba mpaka pembeni, mahali ambapo jembe halikufika, akapata minyoo kumi na mmoja hai. Alimpa mkwewe saba pamoja na bonge la udongo mweusi, akajibakizia minne. Minyoo kumi na mmoja haitoshi mashamba mawili. Masika yakaja, wanawake wote wawili wakapanda kwenye ardhi tupu.

Harusi ilifanyika mwezi wa kumi na mbili, wakati wa kuchimba. Watu waliiona tangawizi ya Naetwe ikianikwa uani, nyembamba kama mizizi ya nyasi. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi akauliza kwa sauti, bila ubaya, "Mama Mkunde, mwaka huu mbegu imekusaliti?"

Lile jibu la zamani lilikuwa tayari ulimini. Mkwewe alikuwa ameketi mkabala naye, akimtazama. Naetwe akasimama mbele ya watu wote wa harusi.

"Haikuwa mbegu hata siku moja," alisema. "Ilikuwa minyoo ya jaani kwangu, na niliiua kwa mkono wangu kwa kuwaogopa ninyi. Aoneaye haya jaa lake huvuna njaa."