Maji ya Alasiri

Kila mkikaa kitako mnanitaka kisa hiki, na kila nikikimaliza mnainuka mkipangusa vumbi kama hakikuwahusu. Haya, sikilizeni tena.

Inasimuliwa na waliotutangulia kwamba katika mji mmoja wa vilimani huko Maghribi, ambako mvua hunyesha wakati wa baridi na kiangazi chote mbingu hufunga, aliishi mtu akiitwa Hamdun. Hakukosa safu ya mbele, na sijda ilimwachia alama usoni. Jirani yake, Bi Tamima, mjane mcha Mungu, alikuwa amepanda miche ya mizaituni kwenye mteremko wa mawe alioachiwa na marehemu mumewe. Hakuwa na tegemeo jingine la kulelea mayatima wake. Kiangazi kilipoingia akaitwa kumuuguza mama yake mji wa mbali, akamwachia Hamdun amana ile.

"Jirani, usiipe maji kila siku," alimwambia. "Ipe kwa nadra, lakini ujaze kila shimo mpaka maji yazame chini kabisa, mizizi iyafuate. Ikishashuka, mwakani haitamsumbua mtu."

"Nenda salama, dada yangu. Amana i shingoni mwangu."

Sasa, kujaza mashimo ni kuteka ndoo baada ya ndoo kisimani kwake jua halijawaka, mgongo unauma, na hakuna wa kukuona ila Mola. Hamdun alijaribu mara moja, akachoka. Akajitafutia wepesi: kila alasiri, watu wakipita kwenda msikitini, yeye yuko mteremkoni na birika, anaumwagia kila mche funda moja.

"Mashallah, Hamdun! Allah akulipe!"

Naye huinamisha kichwa, eti mnyenyekevu. Alijua udongo umelowa juu tu. Alijua. Lakini majani yalikuwa mabichi, na sifa ni tamu.

Kisha ukavuma upepo wa moto kutoka jangwani. Miche yote ikakauka.

Bi Tamima aliporudi, Hamdun alimpokea mbele ya watu, macho chini. "Ni kadari ya Mwenyezi Mungu, dada yangu. Tusubiri."

Bi Tamima hakulia. Aliinama, akashika mche kwa vidole viwili, ukatoka kama unywele kwenye unga. Mizizi mifupi, imejikunja juu juu. Akachokoa chini yake: pakavu kama kigae.

"Na hii, Hamdun, ni kadari pia?"

Mzee mmoja akaguna, "Kumbe birika lile lilikuwa likinywesha macho yetu."

Hamdun akatamani ardhi immeze. "Niliiua mimi," akasema, "kisha nikamsingizia Mola wangu."

Akataka kutoa kisima chake kiwe fidia. Bi Tamima akakataa. "Kaa nacho, utakihitaji. Mvua za kwanza utapanda upya. Utanywesha alfajiri, hakuna anayekuona. Na kila atakayekusifu, mwambie kweli."

Basi nanyi, ibada ya kulowesha juu hupendeza mpaka upepo uje. Mnajitazama nini? Jichokoeni chini.

Mizaituni ya pili ilishika, ikaacha kudai maji, ikazaa. Mayatima wakala jasho la Hamdun. Wageni wakipita husema, "Mashallah, mzee, umeitunza!" Naye, mvi zimemjaa, husimama, uso ukimwaka kwa haya kama siku ile, akajibu:

"Hii ni ya pili. Ya kwanza niliiua mimi."