Kiboko Nukta Nyika

Paukwa!

— Pakawa.

Mbona mnaitika kwa kunung'unika?

— Tumechoka.

Na mimi nimechoka. Haya, tuchoke pamoja. Palikuwa na nini?

— Sema wewe.

Palikuwa na Pimbi. Mnyama mdogo, hana hata mkia, lakini nchi nzima ya Nyika ilimpa yeye kazi ya kutunza Daftari la majina ya mtandao. Kila mnyama aliyetaka tovuti alipanda mwambani kwa Pimbi akaandikiwa jina, na mwisho wake nukta nyika. Twiga nukta nyika. Nungunungu nukta nyika. Jina likiitwa mtandaoni, seva nyumbani kwa mwenyewe hulia ting! naye hubonyeza akajibu, "Nipo!" Kazi ndiyo hiyo. Mchana kutwa majina, majina, majina, mpaka Pimbi akisinzia anaota nukta.

Kanuni zilikuwa chache. Aliyetangulia kufika ndiye hupewa. Kila mwaka urudi kulihuisha jina lako. Ukichelewa siku moja, limekwenda.

Basi mwaka ule Mama Kanga alikuwa ameatamia. Mayai kumi na mawili, angeyaacha vipi? Akangoja yaanguliwe, akachelewa siku moja. Alipofika mwambani na vifaranga wake, jina lake ameshalichukua Kiboko.

"Ndugu Pimbi, nauza mtama kwa jina hilo!" Kanga akalia. "Sasa wateja wakiniita, wanafika kwa Kiboko. Nimemfuata, ananiambia, 'Nipe shamba lako lote, nikupe jina.' Nikimpa shamba, hawa watakula nini?"

Pimbi akashusha pumzi. Roho ilimuuma kweli, maana kanuni aliitunga yeye mwenyewe.

"Nenda nyumbani, Mama Kanga. Ukisikia mchwa wanaita majina, na wewe ita."

Kesho yake Kiboko akaja, pu! pu! pu!

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Kuna majina mengine?"

"Yapo ya mchwa, Mzee. Kila mchwa na jina lake, na hawajaandikishwa."

"Nipe!"

"Yapo na ya siafu."

"Nipe!"

"Yapo na ya nzige, lakini hayo ni mengi, utachoka."

"Nani achoke? Nipe!"

Pimbi akaandika mpaka vidole vikafa ganzi. Kisha akamsomea kanuni ya mwisho, taratibu, kama anavyomsomea kila mtu: "Mwenye jina aitike akiitwa. Asipoitika mara tatu, majina yake yote yanarudi Daftarini."

"Kuitika tu? Sauti ninayo!" Kiboko akabandika unyayo Daftarini kuwa sahihi yake, pa! Akaenda zake.

Jua lilipofika utosini, mchwa wakaanza. Ting! "Nipo!" Ting! "Nipo!" Siafu wakaja. Ting, ting! "Nipo, nipo!" Nzige wakaja. Mama Kanga naye akaita jina lake mwenyewe, ting! "Nipo!" Ngozi ya Kiboko ikaanza kukauka. Akautazama mto. Lakini chini ya maji seva haisikiki. Akabaki juani, ngozi ikapasuka.

"Nipo... nipo, jamani... mnataka nini?"

Walikuwa hawataki kitu.

Alasiri ikamshinda. Chubwi! Akajitosa mtoni. Ting. Kimya. Ting. Kimya. Ting. Kimya. Majina yote yakarudi Daftarini, na lake mwenyewe humo humo.

Kesho yake akapanda mwambani, mnyonge, ngozi inambanduka.

"Ndugu Pimbi, sitaki makuu. Niandikie langu tu. Kiboko nukta nyika."

Pimbi akafungua Daftari. Akaangalia. Akalifunga.

"Limeshachukuliwa, Mzee."

"Na nani?"

Pimbi akanyoosha kidole. Pembeni ya mwamba aliketi Mama Kanga na vifaranga wake kumi na wawili. Alikuwa amefika tangu alfajiri, wa kwanza kabisa. Alichukua jina lake. Kisha akaomba na la Kiboko. Pimbi alimwuliza, "Hata wewe, Mama Kanga?" naye akajibu, "Si aliyetangulia ndiye hupewa?" Pimbi akaandika.

Sasa Kanga akasimama, akakung'uta mabawa.

"Shikamoo, Mzee Kiboko. Ule ukingo wenye matope laini, pale unapolala, ni wako wote?"

Mimi nimeishia hapo hapo mwambani. Ikiwa ilikuwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni, nimezoea.

— Na funzo?

Hamwezi kulala bila funzo? Haya. Funzo ni kwamba wadogo hawana tamaa hata kidogo. Zimeni taa.