Mistari ya Chini Kwenye Daftari la Mama

Alikuwapo mwalimu mmoja wa sekondari, mwanamke, ambaye mama yake alikuwa mgonjwa. Jina lake siwapi, maana nikilitaja mtaanza kupinda shingo kutafuta ndugu zake humu ndani. Tumwite Mwalimu, inatosha.

Mwalimu alifundisha sayansi mjini. Mama yake alibaki kijijini na kuku zake na maradhi yake mawili, presha na sukari. Kila mwezi bibi yule alikwenda zahanati kwa miguu, daftari la matibabu kalifunga kwenye kitambaa, akarudi na bahasha mbili za vidonge. Vya presha ameze viwili kila asubuhi. Cha sukari ameze nusu tu, tena akishakula. Shikeni hapo: viwili, na nusu.

Siku moja jirani akampigia Mwalimu simu. "Mama yako kaanguka tena. Hii mara ya tatu. Anatoka jasho jembamba, anaongea maneno hayaeleweki. Njoo, Mwalimu, usitume mtu."

Na kuja alikuja, msimsingizie. Jumapili asubuhi alikuwa ameshashuka, na mkate, na mchele, na simu iliyojaa bando. Hata chai haijapoa, akasema, "Mama, leta daftari lako la zahanati."

"La nini? Mambo ya madaktari hayo."

"Lete. Sikusoma bure mimi."

Akakaa mlangoni penye mwanga. Mwandiko wa daktari mnaujua, utadhani kalamu ilikuwa inakimbizwa na nyuki. Mwalimu akausoma hivyo hivyo, jina moja moja la dawa, analiandika kwenye simu, simu inamletea habari zake: inatibu nini, inadhuru vipi, haipatani na ipi. Akapiga mistari kwenye karatasi, akatengeneza jedwali zuri kama la kubandika ukutani. Akalipiga picha, akawatumia ndugu zake kwenye kundi lao la simu. Kaka yake akajibu kutoka huko aliko, "Dada, wewe ulikosea njia. Ulitakiwa uwe daktari!" Mdogo wake akatia vidole gumba vitatu. Vidole gumba havikosi kwenye familia zetu.

Mama alikuwa mkekani pembeni yake, ungo mapajani, anachambua maharage.

"Umeona nini huko, mwanangu?"

"Hii ya sukari ni kali, mama. Mtu akizidisha, sukari inashuka mpaka anazimia. Anaweza hata kufa."

"Ehe! Basi hebu nishikie hizi bahasha, uniambie ipi ni ipi. Zamani ya presha ilikuwa ya njano, sikuwa na shida. Siku hizi wanatoa zote nyeupe."

"Subiri mama, namalizia hii moja."

Mama akasubiri. Dawa moja ikampeleka Mwalimu kwenye nyingine, na hiyo nyingine ikampeleka kwingine, mpaka jua likahama mlangoni. Bibi akazirudisha bahasha zake chini ya mkeka, kimya kimya, kama mtu aliyebisha hodi nyumba isiyo na mtu.

Mchana wakala maharage. Mwalimu akatafuna jiwe, kwaa!

"Mama! Siku hizi huchambui?"

"Nachambua, mwanangu. Mawe ndiyo yameingia akili, yanajificha."

Wakacheka. Nasema wakacheka wote wawili! Mwanamke aliyechambua maharage miaka hamsini, ya harusi na ya misiba, asisikike mtu hata mmoja akilalamikia jiwe, leo jiwe limemponyoka kwenye chungu. Na mtoto wake, aliyefundishwa kuchunguza mpaka bawa la nzi, anacheka.

Jumatatu Mwalimu akaamka na safari ya zahanati, jedwali na daftari mkononi, kesi kichwani. Alikuwa amekwisha kumhukumu daktari. Mama akamfuata mpaka uani na bahasha zake.

"Kabla hujatoka, nipangie hizi dawa."

"Kunywa kama unavyokunywa siku zote, mama. Nachelewa foleni."

Kama siku zote. Bibi hakuwa mbishi. Akanywa kama siku zote.

Kule zahanati alipokewa na nesi mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Mwalimu hakukaa hata kwenye benchi.

"Dada, mtaniulia mama kwa midawa yenu!"

Nesi akalipokea jedwali, akalisoma toka juu mpaka chini, bila haraka. "Umefanya kazi nzuri, Mwalimu. Hukukosea hata mstari. Na dawa hizi zikinywewa sawasawa hazina ugomvi. Daftari umelisoma lote?"

"Ukurasa kwa ukurasa."

"Haya, nisomee hapa chini."

Mwalimu akainama. Chini ya majina ya dawa palikuwa na mwandiko mwingine, umenyooka, mtoto wa darasa la tatu angeusoma: *Mgonjwa haoni vizuri. Anachanganya vidonge. Aje na ndugu.*

"Funua nyuma," nesi akasema.

Mwezi uliotangulia, maneno yale yale. Akafunua tena. Yale yale, na hapo wamepiga mstari kwa wino mwekundu.

"Haya sikuyaona," Mwalimu akasema.

"Uliyaona. Uliyaruka, kwa kuwa hayakukupa kazi ya kutafuta." Nesi hakupandisha sauti. "Yale ya Kiingereza tunaandikiana sisi kwa sisi. Haya tuliyaandika kwa Kiswahili makusudi. Haya yalikuwa yenu. Na kila tulipomuuliza mama, ndugu zako wako wapi, alitujibu, 'Wanangu wana kazi nyingi, msiwasumbue.'" Kisha akavua ile miwani. "Leo asubuhi nani kampangia dawa?"

Mwalimu aliliacha jedwali mezani. Alikuwa ameshafika mlangoni.

Pikipiki ilimshusha uani, hakungoja hata isimame. Mama alikuwa amelala ubavu kwenye mkeka, kanga imelowa jasho, uji umepoa bakulini haujaguswa. Mkononi ameshika bahasha moja, imefunguliwa. Mwalimu aliijua bila kusoma jina. Ilikuwa ya sukari, na bibi alikuwa amemeza viwili.

Walimbeba mpaka zahanati, wakamtoboa kidole, wakamtundikia dripu. Alipumua mpaka Alhamisi. Mwalimu alikaa naye siku zote hizo, amemshika mkono, simu imezimwa. Alipata nafasi kumbe. Lakini mama hakufumbua macho kuona nani kaja.

Waliomwosha pale zahanati waliliona lile jedwali bado liko juu ya meza ya nesi, mistari imenyooka, halina kosa.

Sasa nawaona mnafuta machozi. Futeni haraka, maana hatujamaliza. Mnamlilia nani? Yule bibi amepumzika. Mwalimu naye hakuwa mtoto mbaya. Alikuja, na mkate alileta. Ni wangapi humu hata mkate haujafika?

Tunapiga simu kijijini, tunauliza, "Mama, dawa umepata?" Akisema nimepata, tunashusha pumzi, tunarudi kwenye mambo yetu. Nani kati yetu amewahi kuuliza, "Unazinywaje? Unazijuaje?" Tunajua kila kitu kuhusu ugonjwa wa mzee, mpaka tunabishana na madaktari. Mzee mwenyewe tunamwambia asubiri, tunamalizia hii moja.

Na kwa Mungu tumefanya hivyo hivyo. Msinitazame hivyo, mnajua ninachosema. Ikitangazwa semina ya kufumbua mafumbo, wanyama wenye pembe na hesabu za siku za mwisho, hapa panajaa mpaka tunaazima viti. Tunakuja na madaftari, kalamu za rangi mbili. Ikitangazwa Jumamosi ya kutazama wagonjwa, tunajikuta watano, na wawili kati yetu ni wagonjwa wenyewe! Kwa nini? Kwa sababu neno la kumtazama mgonjwa ni jepesi. Halina cha kuchimbua. Halimpi mtu sifa ya usomi. Basi tunaliruka, tunakwenda kwenye magumu, na tukiulizwa tunajibu kwa kifua, tumesoma ukurasa kwa ukurasa.

Yale magumu mengine ni ya Mungu mwenyewe, ndugu zangu, atayamaliza kwa wakati wake. Mistari ya chini ndiyo yetu. Imeandikwa kwa mwandiko ulionyooka, tena imerudiwa mwezi hata mwezi, na wino mwekundu juu yake. Siku tutakayosimama tuulizwe, tutasema hatukuiona? Tutajibiwa kama alivyojibiwa Mwalimu.

Kwa hiyo leo sitawapa neno gumu la kwenda nalo. Ukitoka hapa, nenda kwa mzee wako. Kama yuko mbali, tafuta siku uende. Simu iache mfukoni. Kaa chini kwenye mkeka wake, umwambie, "Nioneshe unavyokunywa dawa." Kisha funga mdomo, utazame mikono yake.

Na akikupakulia maharage ukatafuna jiwe, usicheke. Mtazame macho.